Sirari, Mutukula au Rusumo? Tathmini ya safari za kugonga muhuri kutoka Mwanza

Siku 90 za kukaa nchini zikikaribia kwisha, mgeni anayeishi Mwanza husikia ushauri ule ule kwa kila mtu, kuanzia mwenye nyumba hadi dereva wa bajaji: nenda mpakani, gonga muhuri, rudi. Ushauri huo umezaa biashara. Wapo wanaouza safari hiyo kama kifurushi kamili: usafiri kutoka mjini, mtu wa kukujazia fomu, na "msaada" ukifika dirishani. Hapa tunaipima huduma hiyo, pamoja na njia tatu ambazo mtu anaweza kuzipita mwenyewe bila wakala: Sirari kwenda Kenya, Mutukula kwenda Uganda na Rusumo kwenda Rwanda. Tumemlenga mgeni mwenye bajeti ndogo, na pia Mtanzania anayempokea, maana mara nyingi mwenyeji ndiye anayekata tiketi na kujibu maswali.

Msimamo wetu tunauweka mezani mapema. Wakala anauza kiti cha gari na kazi ya kujaza fomu, basi. Siku za kukaa nchini hana. Hizo ziko mkononi mwa Afisa Uhamiaji aliye dirishani, naye anaweza kukupa zote, kukupunguzia au kukunyima. Ukilishika hilo, utaona kwamba vifurushi vingi vina bei kubwa kuliko kazi inayofanyika.

Kabla ya kulipa nauli, fungua pasipoti

Viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50, ya kuingia mara moja, kwa siku zisizozidi 90. Ukishatoka imekwisha kazi, hata kama siku 40 zilikuwa bado. Ili urudi unahitaji nyingine. Raia wa Marekani wao hutozwa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi ndani ya miezi 12, ila kila wanapoingia hawaruhusiwi kupitisha siku 90. Kwa Mmarekani ambaye mwaka wake haujaisha, safari ya mpakani ina hesabu nyepesi: viza ipo, anatafuta tu kuanza upya kuhesabu siku. Kwa Mjerumani au Mjapani, safari hiyo hiyo ni kununua viza mpya kabisa. Watu wawili wakikaa siti moja ya basi, gharama zao zinaweza kupishana kwa dola 50 kabla hawajanunua hata maji.

Kosa linalowaponza wengi ni kuchanganya tarehe ya viza na siku za muhuri. Karatasi ya viza inasema mwisho wa kuitumia viza. Muhuri uliogongwa siku ya kuingia ndio unaosema unakaa siku ngapi. Mmarekani mwenye viza ya mwaka mzima akikaa siku 100 mfululizo amepitiliza, japo viza yake ina miezi minane mbele. Kosa la pili ni kudhani siku 90 ni miezi mitatu. Aliyeingia tarehe 1 Julai, siku yake ya 90 ni tarehe 28 Septemba. Akipanga kutoka tarehe 30 kwa sababu "miezi mitatu haijatimia", amechelewa siku mbili. Hesabu kwa vidole, siku ya kuingia ikiwa ya kwanza, na kama afisa aliandika tarehe kwa mkono, fuata aliyoiandika.

Tazama pia kama muhuri ulikupa 90 kweli. Wengine hupewa 30 au 60 kwa sababu ndivyo walivyojibu walipoulizwa watakaa muda gani. Huyo hana haja ya kukimbilia mpakani kwanza. Aende Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa hapa Mwanza akaombe kuongezewa, akiwa na pasipoti, tiketi ya ndege ya kurudi kwao na barua ya mwenyeji. Ni nauli ya daladala tu, na wakala hatakwambia habari hiyo kwa sababu haimwingizii kitu.

Kuna kundi ambalo safari hii haiwafai kabisa, na hapa hatutapaka rangi. Anayefanya kazi, anayefundisha, hata anayejitolea bila mshahara kwenye shule, zahanati au kituo cha watoto, anahitaji kibali cha ukaazi. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, daraja B la walioajiriwa, daraja C la wanafunzi, watafiti, wamisionari, wanaojitolea na wengine wa namna hiyo. Kwa walioajiriwa, kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi hutangulia, kwa sheria ya mwaka 2015 inayoratibu ajira za wasio raia. Mihuri mitano ya Sirari haigeuki kuwa kibali. Kinyume chake, mihuri mingi ya kutoka na kuingia ndiyo inayomfanya afisa akuulize unafanya nini hasa hapa nchini. Mwenye ombi la kibali ambalo halijajibiwa anayo Pasi Maalum ya kumvusha kipindi hicho. Bei yake ni kubwa kuliko safari ya mpakani, lakini ndiyo njia yake halali, na mwajiri ndiye anayepaswa kuibeba gharama hiyo.

Jirani zetu wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hawahitaji viza. Kanuni za Soko la Pamoja lililoanza Julai 2010 zinampa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pasi ya kukaa hadi miezi sita. Ila kazi ni kazi: Mkenya anayeajiriwa Mwanza naye anahitaji vibali vyake.

Sirari: njia ya bei nafuu, na yenye mitego mingi kuliko inavyoonekana

Kwa mfuko mdogo, Sirari ndiyo chaguo letu la kwanza. Ni karibu kilomita 300 kutoka Mwanza, lami mwanzo hadi mwisho: Magu, Lamadi, Bunda, Makutano ya Musoma, daraja la Kirumi juu ya mto Mara, Tarime, kisha mpaka. Mabasi ya upande huo yanatoka stendi ya Nyamhongolo. Mgeni akipelekwa stendi ya Nyegezi kwa kuzoea, atapoteza saa nzima kuvuka jiji. Panda basi la saa 12 asubuhi ili ufike mchana, jua likiwa juu.

Nauli usikubali kutajiwa tu. Kwa viwango vilivyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, Desemba 2023, basi la daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa abiria mmoja, na daraja la kati ni shilingi 67.84. Zidisha kwa 300: inakuja kama 14,500 kwa la kawaida na 20,400 kwa la kati. Viwango hupanda na kushuka, kwa hiyo angalia vinavyotumika siku hiyo, lakini hesabu ni ile ile. Mpiga debe akimtajia mgeni mara mbili ya hapo, mgeni analo jibu la kumpa. Uliza pia swali moja kabla ya kulipa: basi linafika Sirari kwenyewe au linaishia Tarime? Likiishia Tarime, kuna gari dogo la kumalizia, na hiyo ni nauli nyingine.

Upande wa Kenya, tangu Januari 2024 viza imeondolewa na mahali pake pamewekwa idhini ya kusafiri ya mtandaoni, ile inayoitwa eTA. Ada yake ni dola 30, na malipo ya kadi huongeza kidogo. Inaombwa angalau siku tatu kabla ya safari, kwenye tovuti ya serikali ya etakenya.go.ke. Utaulizwa mahali utakapolala, hivyo weka nafasi ya gesti kwanza. Ni ya kuingia mara moja tu. Angalia sana anwani ya tovuti. Zipo kurasa nyingi zilizopambwa bendera ya Kenya zinazotoza dola 70 au 90 kwa kazi ile ile. Anwani ya serikali inaishia na .go.ke. Ya Uganda inaishia na .go.ug, ya Rwanda .gov.rw na yetu .go.tz. Likikosekana hilo, funga ukurasa.

Sasa mpaka wenyewe. Sirari na Isebania ni kituo cha huduma kwa pamoja, na watu wengi hawaelewi maana yake hadi wakosee. Zamani uligonga muhuri wa kutoka upande wako, ukatembea, ukagonga wa kuingia upande wa pili. Sasa yote mawili yanafanyika chini ya paa moja, kwenye jengo la nchi unayoingia. Ukienda Kenya, unapita upande wa Tanzania bila kugonga, unafika jengo la Isebania, na humo ndani unaanza na dirisha la Tanzania la kutoka, kisha la Kenya la kuingia. Ukirudi, ni jengo la Sirari: Kenya kwanza, Tanzania baadaye.

Mgeni asiyejua hilo hushuka, haoni mtu wa kumgongea, anaendelea kutembea. Miji hii miwili imeshikana, duka la huku linatazamana na duka la kule. Dakika kumi baadaye yuko sokoni Isebania bila muhuri wa kutoka wala wa kuingia, na kisheria yuko Kenya kwa njia ya panya. Bodaboda nao wana lawama hapa. Ukimwambia "nipeleke Kenya" anakupeleka Kenya, kwa njia fupi anayopita kila siku na mizigo yake. Mwambie hivi: "Nipeleke jengo la Uhamiaji, Isebania." Ukishuka, ulizia dirisha la kutoka Tanzania, na usiondoke humo mpaka pasipoti ina mihuri miwili mipya.

Kurudi siku hiyo hiyo inawezekana kwa saa za barabarani, na ndivyo vifurushi vingi vinavyotangazwa: asubuhi kwenda, usiku kurudi. Hatuipendi. Mgeni aliyetoka Tanzania saa saba mchana na kurudi saa nane anamweleza afisa, bila kufungua mdomo, kwamba hakuwa na shughuli yoyote Kenya. Afisa ana haki ya kuuliza, ya kumpa siku chache, na ya kumrudisha. Aliyekuwa na viza ya kuingia mara moja yuko pabaya zaidi, kwa sababu ya zamani imekufa saa moja iliyopita na mpya haijakubaliwa. Lala walau usiku mmoja. Migori iko kama kilomita 20 tu kutoka mpakani, ina gesti za bei ya chini na matatu kila saa. Mwenye siku tatu aende Kisumu, ale ngege wa kukaanga na ugali kando ya ziwa lile lile analolijua, atembee, arudi na kitu cha kusimulia akiulizwa safari ilikuwaje.

Mihuri kwa safari moja ni minne: kutoka Tanzania, kuingia Kenya, kutoka Kenya, kuingia Tanzania. Pasipoti yenye ukurasa mmoja mtupu haifai kwa safari hii, na iwe na uhai wa angalau miezi sita mbele.

Viza ya kurudia ndiyo roho ya safari

Wanaokwama huwa wamejiandaa vizuri kwa nchi wanayokwenda, wakasahau nchi wanayorudi. Asiye na viza ya kuingia mara nyingi aombe viza mpya ya Tanzania mtandaoni, visa.immigration.go.tz, mapema: wiki tatu kabla si nyingi, kwa sababu majibu huweza kuchukua siku 10. Aandike tarehe ya kweli ya kuingia na mpaka atakaopitia. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, pamoja na majina ya katikati. Picha iwe ya pasipoti kweli, si ya kujipiga kwa simu ukutani. Maombi mengi hurudishwa kwa picha tu. Karatasi ya kukubaliwa ichapishwe, nakala mbili. Mtandao wa mpakani hukatika, na simu isiyo na chaji haioneshi kitu.

Kwa raia wa nchi ambazo maombi yao hupelekwa kwanza kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, usitoke kabisa mpaka jibu liwe mkononi. Kwao hakuna kubahatisha mpakani.

Usiondoke Ijumaa. Malipo yakikwama au jina likikosewa, wanaoweza kulirekebisha wako ofisini Jumatatu, na siku mbili za gesti zitakula akiba yote uliyoipata kwa kukwepa wakala. Na toka siku saba au zaidi kabla ya siku ya mwisho. Anayefika mpakani siku ya 89 amejinyima nafasi ya kosa lolote.

Halafu chanjo. Tanzania inadai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya na Uganda zote zimo. Uganda nayo inakidai kwa wanaoingia. Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanja jana na kusafiri kesho hakusaidii. Kwa marekebisho ya kanuni za afya za kimataifa yaliyoanza kutumika Julai 2016, chanjo moja inatosha maisha yote, hata kama kwenye kadi kuna tarehe ya zamani ya kuisha. Mwenye gari lake binafsi asichanganye: kuna "kadi ya njano" nyingine, ya bima ya COMESA, ambayo ni ya gari. Mpakani wanaweza kuzitaka zote mbili. Ila kwa safari ya bei nafuu gari liache nyumbani; karatasi za forodha zitakuchosha kuliko basi.

Mutukula: ghali kidogo, tulivu zaidi

Viza ya Uganda ni dola 50, inaombwa mtandaoni kabla, kwenye visas.immigration.go.ug, na cheti cha homa ya manjano hupakiwa pamoja na ombi. Cheti kisiposomeka, ombi linarudi. Kipige picha kwenye mwanga wa mchana, bila kivuli cha mkono.

Kufika huko kunataka muda. Kwa barabara unatoka Nyegezi, unapita daraja la Kigongo–Busisi, Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba hadi Bukoba. Daraja hilo la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikivuruga ratiba zote za upande wa magharibi. Tathmini yoyote ya njia hii iliyoandikwa kabla ya hapo, isome kwa tahadhari: saa zake si saa za leo. Njia ya pili ni majini, kwa MV New Victoria "Hapa Kazi Tu", iliyorudi kazini 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Inasafiri usiku, inagusa Kemondo, na asubuhi uko Bukoba. Tunaipendelea kwa sababu unaokoa usiku mmoja wa gesti na unafika umelala, mradi ukate daraja lenye kitanda. Daraja la tatu ni la kukaa, na mgeni mwenye begi kubwa hatalala kwa kulilinda. Ratiba si ya kila siku, na meli husimama kwa matengenezo, hivyo ulizia bandarini wiki ile ile.

Bukoba hadi Mutukula ni kama kilomita 80, kupitia Kyaka na daraja la mto Kagera, lile lililolipuliwa na majeshi ya Amin mwaka 1978. Magari madogo hayakosekani. Kituo cha Mutukula nacho ni cha huduma kwa pamoja, kilizinduliwa Novemba 2017, na utaratibu ni ule wa Sirari: unagongewa kwenye jengo la nchi unayoingia. Mji ni mdogo, majengo yanaonekana, vurugu ya bodaboda ni ndogo, na ni vigumu zaidi kupotea. Upande wa Uganda, Masaka iko umbali wa kilomita kama 90, na hapo pana malazi ya kila bei. Aliyechoka kusubiri kando ya barabara ale rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, aendelee na safari.

Kwa mgeni wa mara ya kwanza, mwenye umri mkubwa au mwenye watoto, tungemshauri Mutukula hata kama ni dola 20 zaidi ya Kenya kwa ada. Safari ya meli na usiku mmoja Bukoba ni matembezi ya kweli.

Rusumo: kwa pasipoti fulani tu

Rwanda inatoa viza ya siku 30 kwa raia wa nchi zote wanapofika mpakani, dola 50. Lakini raia wa nchi za Umoja wa Afrika, za Jumuiya ya Madola na za jumuiya ya wanaozungumza Kifaransa hawalipi ada hiyo kwa siku 30 za kwanza. Mwingereza, Mhindi, Mkanada, Mfaransa au Mbelgiji anaingia bure. Hapo hesabu inageuka. Kwa ada za viza peke yake, kwenda na kurudi, Mwingereza analipa dola 80 kwa Sirari, 100 kwa Mutukula na 50 kwa Rusumo. Mjerumani analipa 80, 100 na 100. Mmarekani ambaye viza yake ya mwaka iko hai analipa 30, 50 na 50.

Tatizo ni umbali. Geita, Biharamulo, Lusahunga, Benako, Rusumo: ni siku nzima barabarani, na Kigali iko saa mbili na nusu hadi tatu mbele. Nauli na chakula vinaila nafuu ya ada usipokuwa na sababu nyingine ya kwenda. Kituo kinafanya kazi saa 24, lakini usiingie usiku kwa sababu hiyo tu. Magari ya kuendelea ni ya mchana. Mambo matatu huwakosesha watu: saa ya Rwanda iko nyuma kwa saa moja, hivyo basi la saa tatu la Kigali ni la saa nne kwa simu isiyobadilika, magari yanaendeshwa kulia, angalia kushoto kwanza unapovuka, na mifuko ya plastiki hunyang'anywa mpakani, hata ule wa kufungia viatu.

Usidanganywe na viza ya pamoja ya dola 100 ya Afrika Mashariki. Inahusu Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo.

Wakala: lini ana maana, lini umkimbie

Wakala mwema ana kazi mbili. Anakagua maombi yako kabla hujalipa, na anajua gari gani linafika wapi. Kwa mtu asiyejua Kiswahili, anayesafiri peke yake mara ya kwanza, hilo lina thamani. Kwa kundi la watu wanne au zaidi, Noah ya kukodi inaweza kukaribia nauli ya basi ukigawanya, na dereva anayesubiri upande wa Tanzania anaondoa presha ya gari la mwisho. Mwombe bei iliyogawanywa: usafiri kiasi gani, ada ya nchi jirani kiasi gani, viza ya Tanzania kiasi gani, kazi yake kiasi gani. Ada za serikali zinajulikana, tumezitaja hapo juu, kwa hiyo kinachobaki ni chake na unaweza kukipima. Asiyetaka kugawanya bei anaficha kitu. Na bei iwe kwa shilingi: kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za Machi 2025 zimekataza kutangaza na kudai dola kwa huduma za ndani.

Mkimbie anayesema "pasipoti itatangulia, wewe kaa Mwanza". Muhuri wa mtu ambaye hakuvuka ni kosa la jinai, na anayekamatwa nao ni mwenye pasipoti; kishoka hayumo kwenye kitabu hicho. Mkimbie pia anayesema "nina mtu wangu dirishani". Huna haja ya mtu dirishani kama karatasi zako ni za kweli, na kama si za kweli mtu huyo hatakuwepo siku mfumo utakaposoma jina lako. Wala asikufundishe kusema wewe ni mtalii ilhali unafundisha darasa la nne.

Fedha za mpakani ni habari ya peke yake. Badilisha kiasi kidogo tu kwa wanaokufuata na mabunda mkononi, cha nauli na chai. Kilichobaki badilisha benki au duka la fedha. Piga hesabu kwa simu yako, usikubali kikokotoo chao, na uhesabu noti wewe mwisho, si yeye. Dola unazobeba kama akiba ziwe safi na mpya: zilizochapwa kabla ya 2006 hukataliwa sana, na wengi sasa hawagusi za chini ya 2009, wala zenye mchaniko au maandishi ya kalamu. Usipange kulipa viza taslimu dirishani.

Ukifika dirisha la Tanzania kurudi, weka mkononi pasipoti, viza iliyochapishwa, cheti cha homa ya manjano, tiketi ya ndege ya kurudi kwenu na anwani ya unakolala Mwanza, pamoja na namba ya simu ya mwenyeji anayepokea simu. Maswali ni machache: ulikwenda wapi, unakaa wapi, unafanya nini, unaondoka lini. Jibu kwa ufupi na ukweli. Ukitaka siku 90 ziseme, kwa sababu ukinyamaza unaweza kuandikiwa 30. Kisha, kabla hujasogea, soma muhuri hapo hapo: tarehe, mwaka, idadi ya siku. Kosa likiwepo, afisa aliyegonga analirekebisha kwa dakika mbili akiwa bado anakutazama. Likigunduliwa Lamadi, ni kurudi Sirari kwa nauli yako.